Costa Rica na vifaa tiba: tunaisoma hadithi kuanzia ukurasa wa mwisho

Kwa zaidi ya miaka mia moja Costa Rica, nchi ya Amerika ya Kati, iliishi kwa kahawa na ndizi. Nanasi likaja baadaye. Leo ukiyajumlisha mazao hayo matatu, hayafikii nusu ya fedha ambazo nchi hiyo yenye watu takriban milioni 5 inapata kwa kuuza vifaa tiba nje: katheta (mirija myembamba ya kuingizwa mwilini), vali za moyo, vipandikizi vya matiti, mirija ya dripu, zana za upasuaji wa kupitia tundu dogo. Mwaka 2023 mauzo hayo yalizidi dola za Marekani bilioni 7, yaani kama dola 4 katika kila dola 10 zilizotokana na bidhaa zote zilizovuka mipaka yake.

Afrika Mashariki tunaipenda hadithi hii. Nchi ndogo, ya kitropiki, ya wakulima, imeingia kwenye biashara iliyodhaniwa kuwa ya Wajerumani na Wamarekani peke yao. Tatizo ni sehemu tunayoichagua kuisimulia. Tunasema: walisamehe kodi, wakatenga maeneo huru ya uzalishaji, makampuni makubwa yakaja. Basi na sisi tusamehe kodi, tuzungushie eneo uzio, tumwite waziri akate utepe. Maeneo ya namna hiyo tunayo kwa miaka mingi sasa, Kenya na Tanzania, na hayajatuletea kongano la vifaa tiba, yaani viwanda na watoa huduma waliokusanyika pamoja na kutegemeana. Nadhani sababu ni kwamba tumeiga kilichoonekana barabarani, tukaacha kilichokuwa ndani.

Kiwanda cha kwanza kikubwa cha vifaa tiba nchini humo kilikuwa cha kampuni ya Baxter ya Marekani, kilichoanza mwaka 1987 katika mji wa Cartago. Kilitengeneza vitu vya kawaida kabisa: mirija ya plastiki, viunganishi, seti za kupitishia dripu. Kazi ya mikono mingi na mashine chache. Lakini tazama kilichokuwepo kabla yake. Mwaka 1941 nchi ilianzisha shirika lake la bima ya afya na hifadhi ya jamii, linalojulikana kwa kifupi kama Caja. Mwaka 1948, baada ya vita fupi vya wenyewe kwa wenyewe, José Figueres Ferrer, kiongozi wa upande ulioshinda, alivunja jeshi, na katiba ya 1949 ikalipiga marufuku moja kwa moja. Fedha ambayo majirani waliitia kwenye vifaru na kambi, wao waliweza kuitia kwenye shule na zahanati. Mwaka 1965 ukaundwa mfumo wa taifa wa mafunzo ya ufundi. Mwaka 1971 chuo kikuu cha teknolojia kikafunguliwa, tena hapo hapo Cartago. Baxter ilipokuja ilikuta watu wanaosoma, wenye afya, na chuo cha uhandisi katika mji uleule.

Hata hivyo, kwa miaka kumi iliyofuata hapakuwa na kongano la kuzungumzia. Kulikuwa na viwanda vichache, kila kimoja kikijitegemea, kila kimoja kikiingiza plastiki, vifungashio na vipuri kutoka Marekani na kurudisha bidhaa Marekani. Kama hadithi ingeishia hapo, Costa Rica leo ingekuwa eneo jingine la vibarua wa bei nafuu, na viwanda vingekwishahamia mahali pengine penye vibarua wa bei nafuu zaidi.

Kilichobadili mwendo kilitoka kwenye sekta nyingine kabisa. CINDE, shirika binafsi lisilotafuta faida lililoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Marekani, lilipewa jukumu la kutafuta wawekezaji, nalo likaamua kutomkimbilia kila mtu. Likachagua sekta chache na kampuni chache, na mwaka 1996 likafanikiwa kuishawishi Intel kujenga kiwanda cha kuunganisha na kupima chipu za kompyuta. Uzalishaji ulianza mwaka 1998. Katika mazungumzo hayo Intel ilisema wazi kwamba wahandisi wa shahada si haba, lakini mafundi wa kati, wale wa cheti na stashahada, hawatoshi. Serikali haikulijibu hilo kwa ahadi. Chuo cha teknolojia na shule za ufundi zikaandaa kozi mpya na kuzianza mara moja.

Mwaka 2014 Intel ilitangaza kuifunga sehemu hiyo ya kuunganisha chipu na kuihamishia Asia. Ajira zipatazo 1,500 ziliondoka kwa pigo moja. Kampuni iliyokuwa imebeba sehemu kubwa ya mauzo ya nje ya taifa ikafungasha. Lakini fundi aliyefundishwa kufanya kazi ndani ya chumba kisicho na vumbi, akiwa amevaa vazi la kufunika mwili mzima na kufuata maelekezo ya maandishi hatua kwa hatua, hana tofauti kubwa na fundi anayehitajika kutengeneza katheta. Viwanda vya vifaa tiba vilikuwa vinakua na vilihitaji watu wa aina hiyohiyo. Ujuzi ulibaki nchini kwa sababu palikuwa na mahali pa kuupokea.

Ireland iliwahi kupita njia hiyo kabla yao. Mwaka 1993, katika mji wa Galway, Digital Equipment Corporation ilisitisha uzalishaji wa kompyuta na mamia ya watu wakapoteza kazi. Mwaka uliofuata Boston Scientific ikaingia, ikiikuta C. R. Bard iliyokuwa mjini humo tangu 1982. Mameneja na mafundi wa kompyuta wakageuka kuwa watu wa stenti (vibomba vya kuiweka wazi mishipa ya damu) na katheta, na baadhi yao wakaondoka baadaye kuanzisha kampuni zao. Sidai kwamba kufungwa kwa kiwanda ni heri. Familia zinaumia, na si kila aliyeachishwa hupata pengine. Ninachosema ni kwamba chuo na mtaala vinadumu kuliko mwekezaji, kwa hiyo fedha ya umma inakaa salama zaidi kwenye chuo kuliko kwenye msamaha wa kodi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa habari yote: utakasaji.

Kifaa kinachoingia mwilini mwa mgonjwa lazima kiwe kimetakaswa, na hakiwezi kutakaswa kwa kuoshwa tu. Plastiki nyingi haistahimili mvuke wa moto unaotumika kwa mikasi na koleo za hospitali. Kwa hiyo viwanda hutumia njia tatu kubwa. Ya kwanza ni gesi ya ethilini oksaidi: maboksi yaliyokwisha kufungwa huingizwa kwenye chumba maalumu, gesi hupenya karatasi ya kifungashio na kuua vijidudu, kisha maboksi huachwa yapumue mpaka mabaki ya gesi yashuke hadi kiwango salama. Ya pili ni mionzi ya gama kutoka kwenye madini ya kobalti 60. Ya tatu ni mwali wa elektroni kutoka kwenye mtambo wa umeme mkubwa. Marekani peke yake, karibu nusu ya vifaa vilivyotakaswa hupitia ile gesi. Kila njia ina mtambo wa gharama kubwa, wataalamu wake, maabara yake ya kuthibitisha kwamba vijidudu vimekufa kweli, na hatari zake.

Kiwanda kimoja cha wastani hakiwezi kujenga mtambo huo kwa ajili yake peke yake. Ndiyo maana kwa miaka mingi bidhaa za Costa Rica zilikuwa zikisafirishwa nje zikiwa hazijatakaswa, zinatakaswa huko, ndipo zinafika sokoni. Hilo lilipoteza wiki za muda, lakini madhara makubwa zaidi yalikuwa mengine: kiwanda kisicho na utakasaji karibu hakikabidhiwi bidhaa iliyokamilika. Kinapewa vipande. Kampuni mama haiwezi kukiruhusu kitoe kifaa kutoka mlangoni moja kwa moja hadi hospitalini, kwa sababu hatua ya mwisho, ile inayobeba uhai wa mgonjwa, iko nchi nyingine.

Karibu na mwisho wa muongo wa kwanza wa karne hii, katika eneo huru la Coyol, Alajuela, jirani na uwanja mkuu wa ndege, kampuni ya BeamOne ilifungua kituo cha kutakasa kwa mwali wa elektroni. Sterigenics ikaja baadaye. Hawa hawakuwa watengenezaji wa kifaa chochote. Walikuwa watoa huduma: leta maboksi yako, tutayatakasa, tutakupa hati. Baada ya hapo aina ya bidhaa zilizokabidhiwa nchi hiyo ikaanza kupanda hadhi. Kampuni ambazo zingeogopa kuleta vali ya moyo mahali pasipo na utakasaji sasa zilikuwa na hoja moja pungufu ya kukataa. Na huduma huvuta huduma. Walikuja wa kusubu vipande vya plastiki, wa kukamua mirija myembamba, wa kupaka dawa juu ya waya za chuma, wa kutengeneza vifungashio, wa kupima kama kifungashio kitastahimili safari ya meli. Kila aliyekuja alipunguza gharama ya aliyefuata. Hapo ndipo viwanda vilivyotawanyika vilipogeuka kuwa kongano. Kumi vikiwa kando kando bila huduma ya pamoja ni majirani tu.

Kuna kitu kingine kilichokua polepole, ambacho hakina picha ya kuchapisha gazetini. Ni nidhamu ya kumbukumbu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13485 kinadai kila kifaa kiweze kufuatiliwa kurudi nyuma: plastiki ilitoka shehena ipi, mashine ilikuwa na joto gani, nani alikuwa kwenye meza, nani alikagua na kuweka sahihi. Mkaguzi wa mamlaka ya Marekani inayodhibiti dawa na vifaa tiba anaweza kufika na kuomba karatasi za miaka iliyopita. Binti wa miaka ishirini na kitu aliyemaliza sekondari, akiwa kwenye mstari wa uzalishaji, ana mamlaka ya kusimamisha kazi akiona kasoro, na meneja hawezi kumkaripia kwa hilo. Ninauheshimu sana utamaduni huo. Ofisi nyingi zetu, za umma na za binafsi, anayesimamisha kazi kwa sababu ya kasoro anaitwa mkorofi. Utamaduni wa aina hii haununuliwi na msamaha wa kodi. Unajengwa zamu baada ya zamu, na anayehama kiwanda huhama nao.

Lakini nisiwauzie Costa Rica kama pepo.

Karibu makampuni yote makubwa pale ni ya kigeni. Michoro, hakimiliki na maamuzi viko Marekani na Ulaya. Vifaa na malighafi bado huingizwa kwa wingi, na wasambazaji wazawa wanaoviuzia viwanda hivyo kitu cha maana ni wachache kuliko ambavyo miaka karibu arobaini ingeruhusu. Kuna Establishment Labs, kampuni iliyoanzishwa na Wacosta Rica mwaka 2004, inayotengeneza vipandikizi vya matiti vya jina la Motiva. Iliingia kwenye soko la hisa la Nasdaq mwaka 2018 na mwaka 2024 ikapata kibali cha kuuza vipandikizi hivyo Marekani. Ni mafanikio ya kweli, ila mfano mmoja unaotajwa kila mara ni dalili kwamba mifano ni michache. Ireland ilipata wajasiriamali wengi zaidi kutoka miongoni mwa walioachishwa kazi na walioondoka kwa hiari.

Kisha kuna suala la nani anafaidi. Viwanda vimejazana kwenye bonde la kati, Alajuela, Heredia, Cartago na viunga vya San José. Ukienda Limón kwenye ndizi, au Puntarenas pwani ya Pasifiki, maisha ni mengine kabisa. Maeneo huru hayalipi kodi ya mapato kama wengine, huku hospitali za umma za Caja zikiwa na foleni za kusubiri upasuaji ambazo zimekuwa mgogoro wa kisiasa wa kudumu. Nchi inatengeneza vali za moyo kwa ajili ya dunia, na raia wake anasubiri muda mrefu kufunguliwa kifua. Hili linaniuma kuliko mengine yote katika habari hii. Yeyote anayetaka kuiga njia yao ajiulize mapema kifaa kitakachotengenezwa kitafikaje kwenye wodi ya wilaya.

Na utegemezi una bei. Sehemu kubwa kabisa ya vifaa hivyo huuzwa Marekani. Mwaka 2025 Marekani ilipoziwekea nchi nyingi ushuru mpya, Costa Rica ilianza kwa asilimia 10, na Agosti ikapandishiwa hadi 15. Mwaka huohuo Intel, iliyokuwa imerudi na kuanza tena kuunganisha chipu, ikatangaza kwa mara ya pili kwamba kazi hiyo inahamia Vietnam na Malaysia. Hata CINDE imeyumba: mwaka 2023 serikali ya Rais Rodrigo Chaves ilivunja ushirikiano nayo na kuipa taasisi ya serikali kazi ya kuvutia wawekezaji. Shirika lililoilea sekta kwa miongo minne likajikuta nje ya mlango. Kongano ni kitu hai, na linaweza kudhoofishwa na maamuzi ya ofisi moja.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu hatuanzi sifuri kama tunavyopenda kulalamika.

Arusha ipo A to Z Textile Mills. Mwaka 2003 kampuni ya Kijapani Sumitomo Chemical iliipa teknolojia ya kutengeneza vyandarua vya Olyset bila kuitoza ada. Dawa inachanganywa ndani ya uzi wenyewe, haipakwi juu, hivyo chandarua hudumu miaka. Kiwanda kikakua hadi kuajiri maelfu, wengi wao wanawake, na kutoa mamilioni ya vyandarua kwa mwaka. Tukiulizwa kama Mtanzania anaweza kutengeneza bidhaa ya afya yenye teknolojia na kuiuza barani kote, jibu liko Arusha kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kilifi ipo Revital Healthcare, inayotengeneza mabomba ya sindano yanayojifunga baada ya kutumika mara moja, yale yanayohitajika kwenye chanjo za watoto, na imepitishwa na Shirika la Afya Duniani kuyauza kwa mashirika ya chanjo. Njombe, pale Idofi karibu na Makambako, Bohari ya Dawa ya Tanzania imejenga kiwanda cha mipira ya mikono. Na upande wa udhibiti, mamlaka ya dawa ya Tanzania, ambayo sasa ni TMDA, mwaka 2018 ilikuwa ya kwanza Afrika kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kufikia ngazi ya tatu ya ukomavu katika kusimamia dawa. Hiyo ni rasilimali kubwa na hatuitumii inavyostahili. Mwekezaji wa vifaa tiba huogopa mdhibiti dhaifu kuliko anavyoogopa kodi, kwa sababu cheti kutoka kwa mdhibiti asiyeaminika hakimsaidii kuuza popote.

Arusha, Kilifi, Idofi: vyote vitatu ni visiwa. Fundi wa Kilifi akiharibikiwa na kalibu ya kusubia plastiki, ataitengeneza wapi? Kalibu zenye usahihi wa sehemu ndogo ya milimita huagizwa India au China, na mashine husimama ikizisubiri. Mjasiriamali wa Mwanza anayetaka kutengeneza shashi za kufungia vidonda kutokana na pamba ya Kanda ya Ziwa atazitakasia wapi kwa bei anayoimudu? Pamba yetu nyingi inaondoka ikiwa haijasokotwa, na pamba ya hospitali tunaiagiza kutoka ng'ambo. Hapo hakuna siri ngumu ya kisayansi. Kinachokosekana ni ile hatua ya kati, ya pamoja, ambayo hakuna kiwanda kimoja kinachoweza kuilipia peke yake na ambayo kwa hiyo hakuna anayeijenga.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Fedha ya umma iliyotengwa kwa ajili ya viwanda vya vifaa tiba isiende kujenga kiwanda kingine. Ijenge vituo vya pamoja: kituo cha utakasaji kinachotoa huduma kwa yeyote anayelipa, maabara ya vipimo inayotambuliwa kimataifa, na karakana ya kalibu yenye mafundi wa kweli. Kimoja kiwe Tanzania na kingine Kenya, kwa makubaliano kwamba hati ya kituo cha upande mmoja inatambulika upande wa pili bila urasimu wa mpakani. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikihesabiwa pamoja na Kongo na Somalia, ina watu zaidi ya milioni 300. Hata bomba la sindano la bei ya chini linalipa kwa idadi hiyo.

Najua pingamizi la kwanza: China inatengeneza kila kitu kwa bei ambayo hatutaifikia. Ni kweli kwa vitu vingi, na sitamshauri mtu aanze kwa kushindana na kiwanda cha Guangdong kwenye mipira ya mikono ya kawaida. Lakini miaka ya UVIKO-19 ilituonyesha bei nafuu ina maana gani pale mwenye kiwanda anapoamua kuhudumia watu wake kwanza. Barakoa, mabomba ya sindano na mitungi ya oksijeni vilipoadimika, nchi zisizotengeneza chochote zilisimama mwisho wa foleni zikiwa na fedha mkononi. Pia kuna bidhaa ambazo ukubwa wake unazifanya ghali kusafirisha. Maji ya dripu ni maji na chumvi au sukari, ni mazito, hujaza kontena upesi, na hutumika kila siku katika kila hospitali. Kuyavusha bahari ni kulipia nauli ya maji.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na nalikubali. Gesi ya ethilini oksaidi inalipuka, na kuivuta kwa muda mrefu husababisha saratani. Huko Willowbrook, jimbo la Illinois, wakazi walipigania kufungwa kwa kituo cha kutakasa kilichokuwa karibu na makazi yao, na mwaka 2019 kikafungwa. Kituo chetu kisijengwe katikati ya watu halafu tuanze kuwahamisha. Na kama inawezekana kuanza na mwali wa elektroni, unaozimwa swichi na mionzi yake ikakoma, tuanze nao, mradi umeme uwe wa kutegemewa. Sharti hilo la umeme si dogo, na linaeleza kwa nini mtambo huu hauwezi kuachwa kuwa mradi wa wizara ya viwanda peke yake.

Kuhusu watu, tunao mlango ambao Costa Rica haikuwa nao. Hospitali zetu zimejaa mashine zilizoharibika: mashine za oksijeni, za kupimia damu, za kulaza watoto njiti. Nyingine zilitolewa msaada bila vipuri wala kitabu cha maelekezo. Chuo cha Ufundi Arusha na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam hufundisha mafundi wa vifaa tiba, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, MUHAS, kinatoa wahandisi, na Kenya chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, kimekuwa kikizalisha mafundi hao kwa miaka mingi. Fundi anayefungua mashine kumi zilizokufa anajua kipi huharibika kwanza kwenye joto na vumbi la kwetu, anajua kipuri kipi kidogo cha plastiki kinachoua mashine ya mamilioni. Huyo ndiye mbunifu wetu wa bidhaa ya kwanza, na kwa sasa tunamlipa kama mtu wa kubadilisha balbu, tena halmashauri nyingine hazina hata nafasi ya ajira yake. Kabla ya kutafuta wataalamu ng'ambo, tupandishe daraja la mshahara wa fundi huyu na tumpe karakana.

Na wa mwisho ni mnunuzi. Vyandarua vya Arusha vilikua kwa sababu palikuwa na wanunuzi wakubwa, mashirika na serikali, walioagiza kwa mamilioni na kulipa. Costa Rica haikuhitaji serikali yake kununua kwa kuwa kampuni mama zilileta soko la Marekani mkononi. Sisi soko hilo hatuna, ila tuna Bohari ya Dawa ya Tanzania na KEMSA ya Kenya, taasisi mbili zinazonunua kwa ajili ya hospitali za umma za nchi nzima. Zikisaini mikataba ya miaka mitano na watengenezaji wa ndani waliopitishwa na mdhibiti, kwa bei iliyokubaliwa na kwa sharti la kulipa ndani ya siku zilizoandikwa, mtengenezaji anaweza kuupeleka mkataba huo benki na kukopa mtambo. Zikiendelea kutoa zabuni ya mwaka mmoja mmoja na kuchelewesha malipo kwa miezi, hata kituo cha utakasaji kikijengwa bure kitakaa bila maboksi ya kutakasa.